Msaidizi ni wa mgonjwa, si wa nyumba nzima

Mtu akivunjika mguu hana haja ya kueleza, plasta inamsemea. Sisi wenye maradhi yanayomaliza nguvu kila siku tuko mahakamani. "Mbona Alhamisi ulikuja harusini?" "Mbona uso umenawiri?" Ndiyo, nilikuja. Nilikaa saa moja, kisha nikalala siku tatu, na hizo siku tatu hakuna aliyeziona.

Maradhi yangu yanaitwa ME, wengine husema uchovu sugu. Jina hilo linapotosha, kwani huu si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ukizidisha kidogo tu, hata kwa kukosha vyombo au kuzungumza sana, mwili unakudai baadaye. Mara nyingi deni linakuja kesho au keshokutwa, na kulilipa huchukua siku, pengine wiki. Wenye lupasi, sikoseli au Covid ya muda mrefu nao wanajua maana ya nguvu kukatika. Oktoba 2021 taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, iliacha kupendekeza wagonjwa wa ME waongezewe mazoezi hatua kwa hatua kwa ratiba maalumu. Sasa inahimiza mtu ajipimie nguvu zake, asivuke mpaka. Na huwezi kukaa ndani ya mpaka huo ikiwa kufua, kupika na kufagia vyote vinakungoja wewe.

Hapa Maskati wengi wetu tunadhani jambo hili ni jepesi: unakwenda ofisi ya wakala, unalipa, mfanyakazi anakuja. Wanangu, Mungu awabariki, walinifanyia hivyo. Akaja binti kutoka pwani ya Kenya, tukashukuru.

Baada ya mwezi nikatazama. Binti anapiga pasi dishdasha za wanaume, anaosha gari, analea wajukuu, anapikia wageni wa Ijumaa. Mimi? Chai yangu najichukulia mwenyewe. Tena nimeongezewa kazi mpya ya kumsimamia. "Mama, leo apike nini?" "Mama, mwambie hivi." Kupanga na kuamrisha kunakula nguvu vilevile. Mwalimu yeyote atakwambia kuandaa somo kunachosha kuliko kulisomesha.

Usiku mmoja nikamkuta amekaa jikoni, saa tano imeshapita, na alfajiri alikuwa ameshaamka. Nikamuuliza ana nini. Akanambia, "Mwalimu, na mimi nimechoka." Wallahi niliona haya. Msaidizi aliyeletwa kwa ajili yangu alikuwa anachoshwa kwa jina langu.

Sheria za Ghuba zenyewe zimeliona hili. Qatar, kwa sheria ya 2017, iliweka mwisho wa saa 10 za kazi kwa siku, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Imarati, kwa sheria ya 2022, inampa mfanyakazi wa nyumbani siku moja ya kupumzika kwa wiki. Lakini nyumba yenye imani haihitaji kungoja mkaguzi.

Nikawaita wanangu, nikawa na dakika 20 tu za kusema. Nikasema asubuhi mpaka adhuhuri binti ni wangu: kunisaidia kuoga, kuniletea chakula kitandani, kunifulia nguo zangu. Mambo ya chakula cha nyumba watapanga wao, wasiniulize. Ijumaa binti anapumzika, na wageni wakija, vijana wana mikono. Mkubwa akasema, "Mama, watu watasemaje?" Nikamjibu watu hawajapata kunikoshea hata kikombe.

Najua aibu inatoka wapi. Masista walionisomesha sekondari ya misheni walitukaza kuwa anayelala mchana ni mvivu, na bibi zetu walisema hivyohivyo. Miaka mingi na mimi niliwaambia wanafunzi wangu maneno hayo. Lakini dini yetu imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali amekaa, na akishindwa, amelala. Ikiwa Mola amempunguzia, sisi jamaa tunamkazia kwa nini?

Wenzetu mlioko Uingereza hamna mfanyakazi wa kukaa ndani, lakini mna haki nyingine. Kwa sheria ya 2014, halmashauri ya mtaa nchini England inawajibika kumfanyia tathmini mtu mzima anayeonekana kuhitaji msaada wa kuishi, bila malipo. Akija mtathmini msijikaze kwa heshima. Ukimpokea na sambusa ulizokaanga mwenyewe, ataandika kuwa unajiweza. Mweleze siku yako mbaya, na siku zinazofuata ukijilazimisha.

Na wewe unayetuma fedha ili mama yako Mombasa au Unguja apate msaidizi, usimuulize dada yako kama mambo ni mazuri. Muulize mama mwenyewe: msaidizi anakufanyia nini wewe? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Makala hii nimeiandika kwa asubuhi nne, nimelala. Mwaka jana nisingeiweza. Asubuhi hizo nne kanipa yule binti, na Ijumaa hii amelala mpaka saa nne.