Kuvua kwa Kujifurahisha: Je, Kuna Sheria?



Katika Injili zote nne, ndoano inatajwa mara moja tu. Ni katika Mathayo, sura ya 17. Watoza kodi ya Hekalu wamemwuliza Petro kama Mwalimu wake hulipa, naye Yesu anamtuma ziwani akatupe ndoano na kumchukua samaki wa kwanza atakayepanda. Kinywani mwake ataikuta sarafu. Mahali pengine pote tunasoma juu ya nyavu, mashua na usiku mzima wa kazi. Hapa kuna mtu mmoja, ndoano moja, samaki mmoja, na haja iliyo wazi.

Nimelikumbuka fungu hilo kwa sababu vikundi vyetu vingi huenda mtoni Jumatatu ya Pasaka na wakati wa Noeli. Wengine hupanda pikipiki hadi ziwa Nzilo, lile lililozaliwa na bwawa la umeme la miaka ya 1950 juu ya Lualaba, wakiwa na chakula, ngoma na fimbo za kuvulia. Sina neno juu ya furaha hiyo. Kuvua kwa kujifurahisha si dhambi. Lakini nasema wazi kwamba anayevua kwa kujifurahisha anafungwa na masharti makali kuliko mvuvi maskini. Mama anayeingia majini na kikapu kwa sababu watoto wake hawakula jana ana udhuru ambao Mungu anaufahamu. Kijana anayeweza kurudi mikono mitupu na kukuta bukari mezani hana udhuru huo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, yafundisha kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua bila sababu hakupatani na heshima ya mwanadamu mwenyewe. Haisemi kwamba samaki ni sawa na mtu. Inasema juu ya kile tunachokuwa sisi tunapotesa kwa mchezo. Huko Uswisi serikali imefika mahali pa kuandika jambo hilo katika amri yake ya 2008 juu ya ulinzi wa wanyama: ni marufuku kwenda kuvua ukiwa na nia ya kumwachilia kila samaki, kwa maana hapo umemchoma mdomo kwa ajili ya kicheko tu. Wavuvi wa michezo wa nchi nyingine hukataa, wakisema kuachilia ndiko kunakookoa samaki. Mimi nasimama upande wa Uswisi, kwa kiasi: vua utakachokula, kiue upesi, kisha funga ndoano yako. Kumwachilia samaki kuwe ni utii kwa sheria, kwa sababu ni mdogo au ni mzazi, kusiwe mchezo wa kumpata tena na tena. (Zamani Kanisa lilikuwa kali zaidi juu ya uwindaji: Sheria ya Kanisa ya 1917, kanuni ya 138, iliwaonya mapadri wasijitie katika uwindaji, na ule wa makelele iliwakataza kabisa. Juu ya ndoano haikusema kitu. Labda ni kwa heshima ya Petro!)

Na sasa tumtazame samaki mwenyewe, kwa kuwa wengi wenu mnamla bila kumjua. Tilapia wetu wengi hulea watoto kinywani. Mama hutaga mayai mahali palipofagiliwa na dume, kisha huyakusanya mdomoni na kuyachukua humo kwa muda wa majuma mawili hivi, karibu bila kula. Watoto wakianza kuogelea hubaki karibu naye, na hatari ikitokea hukimbilia tena ndani ya kinywa chake. Kwa kuwa hali chakula wakati huo, ni mara chache ataimeza ndoano. Wavu ndio unaomkokota, naye hutema kizazi chake chote matopeni. Ajabu ni kwamba katika ziwa la Galilaya pia kuna samaki wa ukoo huohuo, ambaye hulea mayai kinywani na ambaye watu humwita samaki wa Petro. Injili haikutaja aina ya yule mwenye sarafu. Lakini tangu nilipojifunza hayo, siwezi kufungua kinywa cha tilapia bila kukichungulia kwanza.

Kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 22, kina agizo dogo ambalo wahubiri hulipita haraka: ukikuta kiota njiani, usimchukue ndege mama pamoja na makinda, mama umwache aende. Waisraeli waliruhusiwa kula. Hawakuruhusiwa kukausha chemchemi ya uzazi. Kambale naye ana wakati wake. Mvua za kwanza zikijaza mabonde, hutoka mtoni usiku kwenda kutaga katika majani yaliyofunikwa na maji, nasi tunamngoja palepale kwa mitego na mapanga. Tunamwua mlangoni pa uzazi, halafu mwezi wa saba tunalalamika kwamba mto umekuwa mtupu.

Jirani zetu wa Zambia hufunga uvuvi katika sehemu kubwa ya maji yao tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Tanzania ilifunga upande wake wa ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu mwaka 2024, toka 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa mapatano na nchi zinazogawana ziwa hilo, yetu ikiwa mojawapo. Sisi tulirithi dekreti ya 21 Aprili 1937 juu ya uwindaji na uvuvi, ya wakati wa Wabelgiji. Uwindaji ulipata sheria mpya mwaka 1982, lakini uvuvi ulibaki nyuma. Kijana ataniambia kwamba katika vijito vya Mutshatsha hakuna askari wa kukagua fimbo yake. Ni kweli. Ndiyo maana ninawaandikia ninyi, simwandikii askari.

Juu ya utupa, ambao wengine huuita buba, na juu ya vyandarua vya malaria, sitasema mengi. Utupa huzuia samaki wasipate hewa, mkubwa na yule aliyezaliwa jana, na mtu huokota wachache akawaacha wengine waoze. Chandarua kilitolewa ili kimkinge mtoto kitandani. Kikundi chenye jina la mtakatifu kisionekane na vitu hivyo majini, hata kama ni kwa ajili ya kutafuta faranga za safari ya vijana.

Lakini kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Mnaniuliza: migodi inamwaga asidi mitoni, nawe katekista unatuhesabia ndoano? Swali ni la haki. Shaba kidogo tu majini huharibu mashavu ya samaki anayoyatumia kupumua. Mnamo 18 Februari 2025 ukuta wa bwawa la taka za mgodi ulibomoka karibu na Chambishi, Zambia. Asidi iliingia katika mto Kafue, samaki wakafa, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Mwaka 2021 mito Tshikapa na Kasai ilibadilika rangi kwa taka zilizotoka Angola. Na hapa karibu, wakaaji wa kando ya Musonoi na Luilu hawahitaji kufundishwa. Basi semeni! Katiba yetu, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya na wajibu wa kuyatetea, na sheria ya 9 Julai 2011 imeweka misingi ya ulinzi huo. Lakini mtasimama vipi mbele ya mkubwa wa mgodi mkiwa na ndoo ya vifaranga vya samaki mkononi? Atacheka, na atakuwa na sababu.

Kwa hiyo naomba kamati za vijana zikutane kabla ya matembezi. Mtume wawili kwa mwenye nchi kuomba ruhusa, kama wazee walivyofanya, na wengine wawili waulize ofisi ya serikali juu ya kibali. Noeli ndoano zibaki nyumbani, kwa kuwa ni wakati wa uzazi, Pasaka tutavua. Kila mmoja awe na fimbo moja, na ule mwiba mdogo wa nyuma ya ncha ya ndoano ubanwe kwa koleo, ili itoke bila kuchana. Anayemrudisha samaki aloweshe mikono kwanza, maana mkono mkavu humvua ule utelezi unaomkinga na magonjwa, wala asimshike kwa mashavu. Ndoano ikizama kooni, mkate uzi. Nyuzi zilizokatika zikusanywe zote. Ndege na kobe hunaswa humo. Na mwenye koleo zuri alilete, la kwangu limeliwa na kutu.