Maji ya Mboga Yasimwagwe

Nilikuwa nimeinama kwenye sinki, sufuria nimeishika kwa matambara mawili, tayari kuchuja mboga kama nilivyozoea tangu Dodoma. Bibi jirani akaweka mwiko chini, akaja kuishika sufuria upande wa pili. "Mwanangu, hayo ndiyo chakula chenyewe." Akachota upawa mmoja wa yale maji, akanimiminia kwenye bakuli, nikanywa nikiwa nimesimama. Yalikuwa ya kijani kilichokoza, vitone vya mafuta vikielea juu, yananukia moshi wa kuni na uchungu kidogo wa majani. Hapo ilikuwa Macon, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, miaka tisa iliyopita.

Ndani ya sufuria ile mlikuwa na kunde zenye doa jeusi, kongoro la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, na majani yanayoitwa collard, ambayo mtu wa Arusha au Nairobi akiyaona sokoni atasema ni sukuma wiki. Kongoro hutangulia motoni, saa mbili hivi, mpaka nyama ianze kuachia mfupa. Kunde zilizochambuliwa hufuata pamoja na kitunguu na pilipili. Majani Bibi huyakunja kadhaa kwa pamoja kama msokoto wa tumbaku, anayakata mapana, anayatia kunde zikiwa zimeanza kulainika. Chumvi haiguswi mpaka mwisho, kwa sababu kongoro lina chumvi yake ya kutosha. Mezani huja mkate wa mahindi na siki iliyolowekwa pilipili.

Ninachotaka wenzangu wakiangalie ni kiasi cha nyama. Kongoro moja, watu wanane. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani Maryland, aliandika mwaka 1845 kwamba posho ya mtumwa mtu mzima ilikuwa ratili 8 za nyama ya nguruwe kwa mwezi, au samaki wa kiasi hicho, na busheli moja ya unga wa mahindi. Ratili 8 ni kama kilo tatu na nusu, yaani gramu 120 kwa siku kwa mtu anayelima tangu alfajiri. Kwa posho ya namna hiyo nyama haikuweza kuwa mlo. Ikawa kiungo, na kunde, zao la Afrika lililovushwa bahari enzi za biashara ya utumwa, zikabeba shibe pamoja na majani. Watu walionyimwa karibu kila kitu hawakuwa na sababu ya kumwaga maji yenye ladha yote ya sufuria.

Maji hayo yana heshima yake kule. Mwaka 1931 Huey Long, gavana wa Louisiana, alibishana na mhariri wa gazeti moja la Atlanta juu ya namna ya kuyala: mkate wa mahindi uchovywe, au uvunjwevunjwe humo humo? Long alisema uchovywe. Bibi anauvunja, nami namfuata.

Mwaka jana nilirudi nyumbani. Kwenye mgahawa mmoja nilikaa karibu na mlango wa jikoni, nikaona maji ya kunde yakimwagwa mtaroni, meusi mazito, mvuke unatoka. Dakika chache baadaye mpishi akafungua pakiti ya unga wa mchuzi, akainyunyizia mboga ile ile ili ipate ladha. Iliniuma. Vitamini kadhaa na madini huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia. Tunayamwaga, kisha tunanunua chumvi ya pakiti kuziba pengo.

Sisemi maji yote yanywewe. Kisamvu kina sumu, lazima kitwangwe na kuchemshwa sana, na maji ya kulowekea maharage mekundu yamwagwe. Nasemea kunde, sukuma wiki, mchicha na majani ya maboga.

Najua pia kwamba wasomaji wengi hawagusi kitimoto. Hata Georgia wapo wasiokula, nao hutia bata mzinga wa kukaushwa kwa moshi, na chakula kinabaki kile kile. Sisi tuna kambale na perege wa moshi wanaouzwa sokoni kila siku. Kambale mmoja, akitolewa miiba, anatosha sufuria ya kunde ya familia nzima, na ugali wa dona unafanya vizuri kazi ya mkate wa mahindi.

Kwa hiyo mama, dada, kaka unayepika: Jumapili hii ukiinjika kunde, acha chujio ukutani. Weka bakuli karibu na jiko, na upawa wa kwanza mpe mtoto.