Kozi ya Takwimu ya Wiki Sita Idai Ripoti, si Mtihani Pekee

Kila majira ya joto, vyuo vikuu vingi vya Marekani hufundisha kwa wiki sita hadi nane somo la takwimu ambalo katika muhula wa kawaida huchukua wiki 15 hivi. Mwanafunzi huanza na wastani na mkengeuko sanifu, mara amefika kwenye uwezekano, na kabla hajatulia anapima nadharia tete. Katika kozi ya wiki sita, anayelazwa na homa siku mbili amepitwa na mambo ambayo wenzake wa muhula mrefu huyasoma wiki nzima.

Anayeimaliza anastahili pongezi za dhati. Hata hivyo, alama nzuri ya Agosti haihakikishi kwamba Desemba atakumbuka chochote. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio ya kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea mapema, na marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hufaa kuliko yaliyorundikwa siku moja. Kozi ya kasi hurundika.

Isitoshe, mtihani wa kukokotoa haupimi kilicho kigumu zaidi katika takwimu.

Mwaka 1973, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipokea maombi ya shahada za juu kutoka kwa wanaume 8,442 na wanawake 4,321. Wanaume waliokubaliwa walikuwa asilimia 44, wanawake 35. Kwa macho ya haraka, wanawake walibaguliwa. Mtakwimu Peter Bickel na wenzake wawili waliyachambua maombi hayo idara moja moja, wakachapisha makala katika jarida la Science mwaka 1975. Katika idara moja kubwa, asilimia 82 ya wanawake 108 walioomba walipata nafasi, dhidi ya asilimia 62 ya wanaume 825. Katika nyingine, iliyochukua wachache mno, walipata nafasi asilimia 7 ya wanawake 341 na asilimia 6 ya wanaume 373. Wanawake wengi waliomba idara ambazo zilikataa waombaji wengi, wawe wanaume au wanawake.

Hesabu iliyotumika hapo ni asilimia, ambayo mtoto wa shule ya msingi anaijua. Ugumu ulikuwa kujua pa kuitenganisha takwimu, na uwezo huo huja kwa kushika data halisi mara kwa mara.

Kwa hiyo vyuo vinavyotoa kozi hizi vitenge sehemu ya alama kwa ripoti fupi ya data halisi, itakayowasilishwa mwezi mmoja baada ya kipindi cha mwisho. Marudio yatatawanyika, na mwanafunzi atalazimika kuuliza maswali yake mwenyewe.

Kijana wa Kitanzania anayerudi nyumbani baada ya kozi kama hiyo hahitaji kusubiri mageuzi hayo. Matokeo ya Sensa ya 2022 yamechapishwa: watu 61,741,120, na wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Aanze na wastani huo, aulinganishe mkoa kwa mkoa, mijini na vijijini, kisha aandike kurasa mbili kueleza tofauti anazoziona. Mhadhiri wake akizisoma na kuzisahihisha Septemba, kozi itakuwa imefundisha kweli.