Kompyuta inayoganda kona ikipigwa

JICHO LA FUNDI
Na Selemani Kombo

Mpwa wangu alinipigia simu Jumamosi asubuhi. Shikamoo sijaiitikia, tayari ananiambia ametapeliwa. Amenunua kompyuta ya gemu Kariakoo, mtumba lakini safi, kwa hela aliyoikusanya miezi minane akipiga picha kwenye maharusi. Dukani muuzaji alimwashia Heaven, programu ya kupimia kadi za picha ya mwaka 2009 ambayo mafundi wengi hawajaiacha mpaka leo. Visiwa vikaelea angani, joka la jiwe likapita, mwisho ikatoka namba: wastani wa fremu, yaani picha, 74 kwa sekunde. Dogo akalipa. Kufika nyumbani, gemu ya mpira inateleza kama maji mpaka kona ipigwe. Mpira ukiwa hewani, picha inaganda. Ikizinduka, mpira uko wavuni kwake.

"Mjomba, ile namba ilikuwa ya uongo."

Nikamwambia asimtukane mtu wa watu kwanza, nakuja.

Uongo wa namba hizi upo, na umri wangu unatosha kuukumbuka. Mwaka 2001 kampuni ya ATI ya Kanada ilitoa kadi ya Radeon 8500, na mtihani mkuu wa kadi zote enzi hizo ulikuwa gemu ya Quake III. Tovuti moja ya Marekani, HardOCP, ikafanya jambo la kitoto kabisa. Walichukua faili la gemu, na kila penye neno "quake" wakaandika "quack", ambao ndio mlio wa bata kwa Kiingereza. Kingine hawakugusa. Kasi ikashuka, na picha zikawa nzuri zaidi. Draiva, ile programu inayoiongoza kadi, ilikuwa inasoma jina. Ikiona Quake, inapunguza ubora wa michoro ili mbio ziongezeke. Ikiona bata, inachora kwa uaminifu. Baadaye ATI walitoa draiva nyingine iliyorudisha ubora huku kasi ikibaki karibu pale pale. Sasa niambieni, shida ya yote yale ilikuwa nini?

Miaka miwili baadaye ikaja zamu ya Nvidia, washindani wa ATI. Kipimo kilichotamba kilikuwa 3DMark03, cha kampuni ya Futuremark ya Ufini. Ndani yake kamera hupita njia ile ile kila mara, mithili ya treni relini. Draiva ya Nvidia ilikuwa inaijua njia hiyo, kwa hiyo haikujisumbua kuchora kile ambacho abiria wa treni asingekiona. Wapimaji walipoitoa kamera relini wakakuta anga limechanika vipande. Mei 2003 Futuremark walitoa kiraka cha kuziba mwanya huo, na alama za kadi ya Nvidia, GeForce FX 5900 Ultra, zikaporomoka kwa asilimia 24.1. ATI nao walikutwa, ila kidogo, asilimia 1.9. Hazikupita wiki nyingi Futuremark na Nvidia wakatoa tamko la pamoja kwamba ule haukuwa udanganyifu, ulikuwa uboreshaji kwa ajili ya programu maalumu. Shuleni kwetu, aliyeyaona maswali usiku wa kuamkia mtihani hakuitwa mboreshaji.

Siku hizi hata haihitajiki kujificha. Januari 2025, mkuu wa Nvidia, Jensen Huang, alipanda jukwaani Las Vegas akasema RTX 5070 ya dola 549 itafanya kazi sawa na RTX 4090, kadi iliyoingia sokoni 2022 kwa dola 1,599. Watu wakapiga makofi. Siri ya hesabu hiyo ni fremu za kukisia: kwa kila fremu inayochorwa kweli, kadi inaweza kubuni nyingine mpaka tatu na kuzichomeka katikati. Jicho linafurahi, kwa sababu mwendo unalainika. Kidole ndicho hakioni faida, maana ukibonyeza kupiga shuti, fremu za kukisia hazina habari nawe. Sina ugomvi na ufundi wenyewe, ni ufundi mzuri. Ninachokataa ni kuziweka fremu hizo kapu moja na zile za kweli, kisha kunisomea jumla.

Basi nikafika kwa dada yangu, Tabata, saa sita mchana, jua la utosi, feni ya ukutani inazungusha joto. Nikawasha Heaven ile ile. Ikatoa 73. Hapo nikajua muuzaji hakudanganya hata kidogo. Alijibu swali ambalo sisi hatukuliuliza.

Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ina takriban milisekunde 16.7 za kuandaliwa. Lakini huo ni wastani, na wastani unaficha mambo. Chukua fremu 59 zilizotoka kila moja kwa milisekunde 10, halafu moja ikachukua milisekunde 410. Jumlisha: sekunde moja kamili, fremu 60. Karatasini hiyo ni kompyuta safi, na wewe umekaa karibu nusu sekunde unatazama sanamu. Anayesubiri daladala Buguruni jioni hahitaji kufundishwa hili. Ukimwambia kwa saa yanapita magari 60 atakuitikia kweli, yamepita, 40 yakiwa yamefukuzana kwa dakika kumi, na yeye tangu hapo yuko juani.

Mambo haya yalikuja kuwekwa wazi mwaka 2011, Scott Wasson wa The Tech Report alipoacha kuhesabu fremu za sekunde nzima akaanza kupima muda wa kila fremu peke yake. Tangu hapo wapimaji makini huandika namba mbili: wastani, na kasi ya ile asilimia moja ya fremu zilizochelewa kuliko zote. Hiyo ya pili ndiyo ninayoisoma kwanza. Matangazo ya madukani kwetu hayaigusi.

Nikamwekea dogo programu ya kurekodi muda wa kila fremu, nikamwambia acheze kama kawaida yake. Kama kawaida yake ni pamoja na kivinjari chenye vichupo kumi na tisa, na WhatsApp pembeni. Mstari ukalala chini kama bahari ya alfajiri, kona ikapigwa, ukasimama mwiba: milisekunde 380. Kona ya pili, mwiba tena. Tukafungua ubavu wa kompyuta. Kadi ya picha iko sawa, haina hata ukungu. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni kijiti kimoja cha GB 8, na tundu la pembeni yake liko tupu, limejaa vumbi. Gemu na vichupo vilikuwa vinagombania chumba kimoja, na kikijaa, kompyuta inahamishia mizigo kwenye diski, na diski ile ni kobe. Heaven haiwezi kuliona hilo, kwa kuwa inaisumbua kadi tu na RAM haina kazi nayo kubwa.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema vipimo vyote ni porojo. Kipimo ndicho kilichotuonyesha mwiba. Mnunuzi aombe kuwashiwa gemu anayoicheza yeye, dakika ishirini, kompyuta ikiwa imefunikwa na kiyoyozi cha dukani kimezimwa kama muuzaji ataridhia. Muuzaji akikataa, mnunuzi aombe walau ile namba ya pili.

Tulinunua kijiti kingine cha aina ile ile, tukapuliza vumbi, tukapima upya. Wastani ulipanda kutoka 73 hadi 76, tofauti ambayo usingelipia shilingi. Mwiba wa kona ulishuka hadi milisekunde 31. Dogo akavuta kiti, akaita rafiki yake wa jirani, wakacheza mechi nzima bila picha kuganda hata mara moja.

Akafungwa matatu kwa moja. Mawili ya kona.