Mapatano Hutangulia Ujanja

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Wengi wetu huukumbuka usemi huo tunapodaiwa fedha. Mimi niliufahamu barabara kwenye meza ya karata, katika bwalo, siku nilipokuwa mwanafunzi wa uofisa. Mchezo wenyewe ni briji, na ninauleta mbele ya ndugu zangu askari na polisi kwa sababu unamfunua mtu asiyeweza kufanya kazi na mwenziwe.

Briji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na wenzi huketi wakitazamana. Kila mmoja hupewa karata 13, wala haoni za mwenziwe. Kabla ya karata ya kwanza kutupwa, hufanyika mnada. Kila upande hutamka idadi ya mizunguko utakayoshinda, na turufu itakayotumika: pau, uru, kopa, shupaza, au kucheza bila turufu. Tamko la moja ni ahadi ya mizunguko 7. Tamko la saba ni ahadi ya yote 13. Anayeahidi asichokiweza hutozwa, na anayeahidi chini ya uwezo wake hukosa tuzo.

Katika mnada huo wenzi hawana lugha nyingine ila matamko hayo. Kukunja uso au kubadili sauti ili kumpa mwenzi habari ni hila, na sheria za mchezo zinaikataza. Kwa hiyo kila jozi hupatana mapema maana ya kila tamko.

Tutazame mfano mmoja. Wachezaji hupima nguvu kwa kuhesabu ree pointi 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1. Jumla katika karata zote ni 40. Wako wanaopatana kwamba kufungua kwa "moja bila turufu" maana yake ni pointi 12 hadi 14, na wako wanaopatana 15 hadi 17. Mapatano yote mawili ni mema. Sasa mwenzi wako ana pointi 10. Kwa mapatano ya kwanza, atanyamaza, kwani jumla haifiki 25 ambazo kwa kawaida huhitajika ili kuahidi mizunguko 9. Kwa mapatano ya pili, ataahidi mizunguko 9 bila kusita. Karata ni zile zile, lakini amri mbili zimepingana. Ikiwa wewe umeshika mapatano haya na mwenzio yale, mmekwisha kushindwa kabla ya kucheza.

Yalinipata mimi. Jioni moja mwenzangu alifungua "moja bila turufu", nami nilikuwa na pointi 19. Nikaruka hadi "nne bila turufu", nikikusudia kumwuliza ana ree ngapi. Yeye alidhani namwuliza kama amejaliwa pointi za juu au za chini. Kwa kuwa alikuwa na 15 tu, akanyamaza. Tukashinda mizunguko 12 huku tumeahidi 10, na tuzo kubwa ikatupita. Nilimkaripia mbele ya watu. Ofisa mmoja aliyekuwa akitazama aliniuliza swali moja tu: tulipatana lini juu ya tamko hilo? Sikuwa na jibu. Kosa lilikuwa langu, na karipio likawa kosa la pili.

Hata mabingwa huangukia shimo hilo. Kuanzia Desemba 1931 hadi Januari 1932, huko New York, Ely Culbertson alipambana na Sidney Lenz kwa raba 150. Mwamuzi alikuwa Luteni Alfred Gruenther wa Jeshi la Marekani, ambaye baadaye alikuwa jenerali na mkuu wa majeshi ya NATO katika Ulaya. Mwenzi wa Lenz alikuwa Oswald Jacoby, kijana hodari aliyependa matamko ya kuwahadaa wapinzani. Lakini hadaa isiyofahamika kwa mwenzi humhadaa mwenzi kwanza. Lenz alilalamika, wakagombana, na baada ya raba ya 103 Jacoby alijitoa. Culbertson alishinda kwa pointi 8,980. Jozi yenye vipaji viwili vikubwa ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Sisemi kwamba akili iwekwe kando. Pointi haziamui kila kitu. Mfalme wako ana thamani zaidi ikiwa aina hiyo ya karata imetamkwa na mpinzani wa kuume kwako, kwa kuwa yeye hucheza kabla yako. Ikitamkwa na wa kushoto, thamani yake hupungua. Hapo ndipo busara inapotakiwa, ya kujua lini uongeze na lini usite. Lakini busara hiyo itumike ndani ya mapatano. Ukiyaona mabaya, ngoja mchezo uishe, mkae, myabadili pamoja.

Iko tofauti moja kati ya meza na vita. Ishara za vita ni siri. Mapatano ya briji ni wazi, na mpinzani ana haki ya kuelezwa maana yake. Lakini katika yote mawili, ishara ambayo mwenzio haijui si ishara.

Nawageukia hasa wenye vyeo. Mezani nyota za begani hazina pointi. Hata hivyo nimewaona wakubwa wanaobadili maana katikati ya mchezo, kisha wakamlaumu mdogo kwa kutoyasoma mawazo yao. Huyo akipewa doria ya usiku atafanya vivyo hivyo, na huko deni halilipwi kwa pointi. Ndugu askari, kabla ya kumlaumu mwenzio, jiulize kwanza: tulipatana lini?