Taa ya Kurekodia Ninayo, ya Baiskeli Sina

Jamaa zangu, leo hamna vichekesho. Leo najisema mwenyewe, halafu nitawasema na nyinyi.

Juzi stima ilipotea mtaani kwetu Kibokoni, muda mfupi baada ya magharibi. Mnazijua njia zetu za Mji wa Kale: nyembamba, kona kona, ukuta huku ukuta kule. Mimi niko juu ya baiskeli, naenda kasi kwa sababu najiona nimekariri kila shimo. Nakata kona, ghafla mbele yangu kuna mtoto, hata miaka minane hajafika, ameshika bakuli la mbaazi kwa mikono miwili. Nikakamata breki, baiskeli ikateleza, bega langu likasugua ukuta. Mtoto akaruka pembeni. Bakuli likaenda chini. Alhamdulillahi, kilichomwagika ni mbaazi tu.

Bibi yake akatoka na tochi. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, maana adabu ni adabu, kisha akanimulika kuanzia kichwani mpaka kwenye gurudumu.

"Wewe si ndiye yule kijana wa video? Yule ambaye kila usiku chumba chake chawaka kama nyumba ya harusi?"

Nikasema ndiye mimi.

"Basi mwanangu, una taa ya kujirembea, ya njiani huna?"

Sikuwa na jibu. Nilimnunulia mtoto mbaazi nyingine, nikarudi nyumbani naisukuma baiskeli kwa mkono.

Wengi wetu tunachukulia taa ya baiskeli kama pambo. Ukiwa nayo sawa, usipokuwa nayo pia sawa. Sivyo. Baiskeli ni chombo cha barabarani kisheria. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, pamoja na kanuni zake, inataka baiskeli ya usiku ionekane: mwanga mweupe mbele, nyekundu nyuma. Na si mambo ya Kenya peke yake. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu barabara unataka baiskeli iwe na breki, kengele, riflekta nyekundu nyuma, na uwezo wa kutoa mwanga mweupe au wa manjano mbele na mwekundu nyuma. Sasa nenda kaiangalie baiskeli yako hapo ukumbini. Ina vingapi kati ya hivyo? Yangu ilikuwa na breki. Moja.

Kuna jamaa ataniambia, "Mimi nina riflekta, yatosha." Haya, tusikizane hapa. Riflekta haina mwanga wake. Kazi yake ni kuurudisha mwanga kule ulikotoka. Gari likikujia nyuma na taa zake zinawaka, dereva ataona kitu chekundu kinang'aa na atajua kuna mtu. Lakini mtu anayetembea kwa miguu hana taa usoni. Mkokoteni hauna taa. Bodaboda aliyezima taa hana cha kukurudishia. Kwa hao wote, riflekta yako ni kipande cha plastiki tu. Ndio maana vyahitajika vyote viwili: riflekta kwa anayekuja na taa, na taa kwa asiyekuwa nayo. Yule mtoto wa mbaazi, riflekta hata kumi zisingemsaidia. Taa ya mbele ingemsaidia, kwa sababu kwenye vichochoro vyetu mwanga hufika ukutani kabla wewe hujakata kona. Angeuona, angesimama.

Toka Mji wa Kale sasa, nenda Digo Road au daraja la Nyali. Huko hatari ni nyingine. Mwendo wa mjini unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa. Piga hesabu: hiyo ni karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde mbili kugundua kwamba kile cheusi mbele yake ni binadamu, tayari amekwenda mita 28. Na huku kwetu pwani giza halibishi hodi. Jua likizama, dakika ishirini na kitu hivi usiku umeingia. Ulitoka kazini mchana, ukifika darajani ni giza, na shati lako ni la bluu.

Tena wanaoendesha saa hizo si watu wa mazoezi. Ni wanaosambaza mikate kabla ya alfajiri. Ni wanaowahi Kongowea kabla mboga hazijapanda bei. Ni mlinzi anayetoka zamu. Ni mzee anayewahi swala ya alfajiri, ambaye angalau kanzu yake nyeupe inamsaidia kidogo. Hawa ndio tunaowazungumzia.

Bodaboda wao sheria iliwashika mapema. Marekebisho ya 2012 yalisema mwendesha pikipiki avae helmeti na jaketi lenye riflekta. Si wote wanaovaa, lakini kila mtu anajua yatakiwa. Baiskeli tumeisahau. Na zamani haikuwa hivi! Zile baiskeli za wazee wetu, nyeusi, nzito, zilikuja na dinamo. Unaibana kwenye tairi, ukipiga pedeli taa yawaka. Hakuna betri, hakuna chaji. Leo tuna baiskeli za gia na rangi za kila aina, lakini taa hakuna.

Najua mtakaloniambia. "Ukipigia kelele sheria hii, unawafungulia askari mlango mwingine wa kula." Hoja hiyo siipuuzi. Muuza mikate akisimamishwa alfajiri kwa ajili ya taa, atakayeumia ni yeye na watoto wake. Ndiyo maana sisemi tuanze na faini. Tuanze dukani. Uingereza, baiskeli mpya ya kawaida inayouzwa lazima iwe na riflekta zake, na iliyotengenezwa baada ya Oktoba 1985 inatakiwa iwe na riflekta za manjano hadi kwenye pedeli ikiendeshwa usiku. Hizo za pedeli zapanda na kushuka, dereva akiona tu anajua hii ni baiskeli. Kwa nini duka la hapa liniuzie baiskeli iliyo uchi, halafu sheria inishike mimi njiani? Anayeuza naye awajibike. Kaunti nayo, ikitaka kusimamisha waendesha baiskeli, siku ya kwanza iwagawie riflekta, faini ije baadaye.

Mwingine atasema taa zaibiwa. Kweli, zaibiwa. Nunua ile ya kuchomoa, ingia nayo msikitini au kazini mfukoni. Simu yako hujawahi kuiacha kwenye baiskeli, sivyo?

Mimi nimeshaanza. Jana nilikwenda kwa fundi. Taa ya mbele shilingi mia tatu na hamsini, riflekta ya nyuma hamsini, na kengele akanipa ya zamani bure. Jumla mia nne. Taa yangu ya kurekodia ilinigharimu mara kumi ya hapo, na kazi yake ni kuwafanya nyinyi mnione. Aliyehitaji kuniona zaidi yenu wote alikuwa mtoto wa miaka minane mwenye bakuli mkononi.

Jioni nilipita tena mlango ule, polepole, taa inawaka. Bibi alikuwa barazani. Hakunisifu. Alisema tu, "Hivyo ndivyo."

Sasa wewe. Kesho kabla ya magharibi, pitia kwa fundi wako.