Kazi ya hesabu ku nyumba: gharama ya nani, makosa ya nani?

Tarehe 14 ya mwezi, saa nne za usiku. Mu nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi watoto wamekwisha kulala, lakini juu ya meza ya kulia kompyuta ingali inawaka. Kesho, tarehe 15, njo siku ya mwisho ya kupeleka kwa DGI matangazo ya TVA na ya kodi ya mishahara ya mwezi uliopita. Mtu wa hesabu, ambaye sisi wote tunamwita kontabli, hakai tena ku biro mpaka usiku. Amerudi nyumbani. Lakini kazi nayo imerudi pamoja naye.

Hii desturi haikuanza jana. Tarehe 24 mwezi wa tatu 2020, Raisi Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura sababu ya korona, na mu Kinshasa mtaa wa Gombe, ambako ma-biro makubwa yanakaa, ukafungwa tangu tarehe 6 ya mwezi wa nne. Wakati ule wakubwa wa kazi waliona kitu kimoja: mtu wa hesabu anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi yake bila kukaa mbele yao. Korona ilipita, ile desturi ikabaki.

Tena kazi ya hesabu inafaa kwa jambo hili kuliko kazi zingine. Inchi yetu iliingia mu OHADA mwaka 2012, na tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2018 hesabu za kampuni zinaandikwa kwa kanuni mpya za SYSCOHADA, zile zile mu inchi zote 17 za muungano huo. Kontabli wa Kampemba anaweza kushika vitabu vya kampuni ya Matadi bila kupanda ndege. Na yule anayejitegemea anaweza kuhudumia wateja wadogo watatu, wane, bila kulipa kodi ya biro.

Tuseme wazi, faida iko. Mama mwenye mtoto mchanga hapotezi masaa mawili kwa kungojea basi. Mkubwa wa kazi naye anapunguza gharama za nyumba na mafuta ya jenereta. Hatuko hapa kusema watu warudi wote ku biro. Tunauliza tu: ile gharama iliyotoka ku biro ilikwenda wapi?

Jibu tunalijua sote. Ilikwenda ku nyumba ya mfanyakazi. SNEL ikikata umeme, si mkubwa anayetafuta mafuta. Mega zikiisha katikati ya kutuma tangazo, si kampuni inayokimbia kununua zingine. Tuchukue mfano wa kontabli anayepokea dola 400 kwa mwezi. Akitoa dola 20 za mega na dola 15 za mafuta, ni dola 35. Kwa mwaka ni dola 420. Maana yake, mwezi mmoja na zaidi anafanya kazi ya bure, na hakuna barua yoyote iliyomwambia hivyo.

Lakini pesa si tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo kubwa ni makaratasi na makosa.

Sheria ya OHADA inaomba vitabu vya hesabu na makaratasi yanayovithibitisha vihifadhiwe miaka 10. Hapa kwetu, makaratasi hayo mara nyingi ni fakture za mkono, risiti za duka na vipande vyenye muhuri na sahihi. Tangu 2023 inchi ina Kanuni yake ya mambo ya kidijitali, inayotambua maandiko ya elektroniki. Hata hivyo, picha ya risiti iliyotumwa kwa WhatsApp, isiyosomeka vizuri, haisaidii kitu siku ya ukaguzi. Basi kontabli anabeba karatasi lenyewe na kulipeleka nyumbani. Mvua ikipita mu bati, mtoto akichukua karatasi la kuchora, nani atajibu mbele ya wakaguzi? Na ile orodha ya mishahara ya wafanyakazi wote, jirani akiiona ku meza, siri ya watu imekwisha kutoka.

Kuna jambo zito zaidi. Kila mtu aliyesoma hesabu anajua kanuni ya zamani: anayeandika pesa si yule anayeshika pesa. Ku biro, kontabli anakaa huku, mwenye kasha anakaa kule, na mkubwa anatia sahihi. Kazi ikihamia nyumbani, watu wanatafuta njia ya mkato. Mkubwa anasema: "Chukua simu ya kampuni, lipa wewe mwenyewe kwa M-Pesa ao Airtel Money, halafu andika." Siku hiyo mtu mmoja ameshika kasha, kalamu na namba ya siri. Hata akiwa mwaminifu namna gani, dola 200 zikikosekana, hana shahidi. Wako watu wanaoweza kupoteza kazi na jina lao hivyo, bila kuiba hata franka moja.

Tufikiri pia juu ya vijana. Kazi hii haijifunzwi mu masomo peke yake. Unaijifunza kando ya mkubwa wa kazi anayekuuliza: "Hii fakture mbona haina tarehe? Hii TVA ya asilimia 16 umeitoa wapi?" Kijana anayeanza peke yake mu chumba chake, nani atamrudisha nyuma kabla kosa halijafika kwa DGI?

Tunaona basi kwamba dawa ni karatasi. Kabla ya kubeba kompyuta nyumbani, mfanyakazi na mkubwa wake watie sahihi maandiko mafupi juu ya mkataba wa kazi. Yaseme nani analipa mega na umeme, na kiasi gani. Yaseme makaratasi yenyewe yanabaki wapi, na yakitoka biro yaandikwe mu buku, na sahihi ya anayeyachukua. Yaseme kwamba kontabli hashiki namba ya siri ya kulipia. Yaseme masaa, kwa sababu Kanuni ya Kazi inaweka masaa 45 kwa juma, na haisemi popote kwamba usiku wa tarehe 14 hauhesabiwi. Na kijana wa mwaka wa kwanza aende biro siku kadhaa kila juma, akae kando ya mtu anayejua.

Sindika na Shirika la wataalamu wa hesabu, lililowekwa na sheria ya 2015, wangeweza kutoa mfano mmoja wa maandiko hayo, ili kila mtu asijitafutie lake. Wakati tunawangojea, wewe kaka, wewe dada wa hesabu, usikubali kwa mdomo tu. Unawaombea wengine karatasi kila siku. Safari hii omba lako.